Je, wajua kwa nini Biblia ya Kiingereza ya King James inasema "kitabu cha uzima" pale Biblia ya Kiswahili inaposema "mti wa uzima"?

Chukua Biblia ya Kiswahili, ile Union Version ya 1952 ambayo iko karibu kila nyumba ya Mkristo, nenda mwisho kabisa Ufunuo 22:19. Pale imeandikwa mtu akiondoa neno lolote katika unabii huu Mungu atamwondolea sehemu yake "katika ule mti wa uzima". Sasa mwenzako akisoma King James ya 1611 mstari huohuo anakuta ni kitabu cha uzima, sio mti. Hapo ndo ubishi unaanza, na mara nyingi utasikia mtu anasema mnaona sasa, hizi Biblia zingine zimechakachuliwa. Kumbe mti ndio wa zamani, kitabu ndicho kilichoingia baadaye, na kimeingia kwa sababu hati moja ya Kigiriki, yani nakala iliyoandikwa kwa mkono, ya karne ya 12 ilikuwa imenyofoka jani la mwisho. Basi, jani moja tu.

Turudi Basel, Uswisi, mwaka 1515. Erasmus wa Rotterdam, msomi mkubwa kweli wa enzi hizo, yuko kwa mchapishaji Johann Froben anaandaa Agano Jipya la Kigiriki la kuchapwa kwa mashine. Na anakimbizana na muda, maana Hispania kule Alcalá kuna timu nyingine ilishamaliza kuchapa Agano Jipya lao tangu 1514, ila lilikuwa bado halijatoka, linasubiri mambo mengine pamoja na ruhusa ya Papa. Kwa Injili hakuwa na shida sana, Basel kulikuwa na hati za kutosha za kufanyia kazi. Shida ikaja kwenye Ufunuo.

Hati za Ufunuo kwa Kigiriki ni chache ukilinganisha na Injili, na sababu yake ni ya kawaida tu: kanisa la Kiorthodoksi halisomi Ufunuo kwenye ibada, na kitabu kisichosomwa kanisani nani atajisumbua kukinakili kila siku kwa mkono kwenye ngozi? Erasmus akapata hati moja tu, akaazima kwa msomi mwenzake Johannes Reuchlin. Wataalamu leo wanaiita hati namba 2814. Erasmus aliiona ni ya kale mno, akadhani inaweza hata kuwa ya enzi za mitume, kumbe alikosea kwa miaka elfu moja na zaidi.

Na haikuwa rahisi kuisoma. Ndani yake maneno ya Yohana yamechanganyikana na ufafanuzi wa Andrea wa Kaisaria, askofu wa zamani, yani kipande cha Ufunuo, alafu maelezo, alafu kipande kingine. Kwa kuwa ni kitu cha kuazima hawezi kuwapa mafundi wa chapa waishikeshike, ikabidi mtu ainakili kwanza na kuchomoa maneno ya Yohana humo ndani, na makosa yakaanzia hapo. Ufunuo 17:4 kwa mfano ilipata neno akathartetos, neno ambalo kwenye Kigiriki halipo kabisa.

Sasa kufika mwisho, jani la mwisho halipo. Ni kama daftari la shule, ganda likishatoka ukurasa wa nje ndio unaoondoka kwanza. Mistari sita, 22:16 mpaka 21, haipo. Kusubiri hati nyingine alikuwa hana muda, akachukua Biblia ya Kilatini, Vulgata, akaitafsiri kurudi kwenye Kigiriki yeye mwenyewe. Na hakuficha, kwenye maelezo yake aliandika kwamba mwishoni kuna maneno aliyoyaongeza kutoka Kilatini, watu wengi wanamsema kama vile alidanganya, mimi naona hapo anaonewa.

Tatizo Kilatini chenyewe kilikuwa na kasoro. Mti kwa Kilatini hapo ni ligno, kitabu ni libro, zinafanana sana machoni, mnakili fulani wa zamani aliteleza na nakala nyingi za Kilatini zikabaki na libro. Erasmus akatafsiri alichokiona, akaandika kitabu. Ukiangalia ile mistari sita unaona alama zake zingine pia: ile nyota ya asubuhi ya mstari wa 16, hati za Kigiriki zinasema proinos, yeye akaweka orthrinos, na lile "njoo" la mstari wa 17 akaliandika elthe badala ya erchou. Maana haibadiliki hapo, ila sio maneno ya hati. Na kinachonishangaza zaidi ni kwamba kati ya mistari aliyoitunga ndimo ulimo ule unaokataza kuongeza neno kwenye kitabu hiki!

Toleo likatoka 1516. Martin Luther akatumia toleo la pili kutafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, William Tyndale naye kwa Kiingereza akafuata njia hiyohiyo, wote kitabu cha uzima, mpaka King James. Erasmus baadaye aliipata ile Biblia ya Alcalá, na kwenye toleo lake la 1527 akarekebisha Ufunuo sehemu nyingi, lakini 22:19 akaiacha na kitabu chake.

Hati yenyewe ikapotea machoni pa watu mpaka 1861, msomi wa Biblia Franz Delitzsch alipoitambua kwenye maktaba ya wakuu wa Oettingen-Wallerstein, Ujerumani. Hapo ndo ikawezekana kuweka hati na chapa ya 1516 pembeni kwa pembeni na kuona kosa lipi ni la hati, lipi la mnakili, lipi la Erasmus mwenyewe. Leo iko maktaba ya Chuo Kikuu cha Augsburg, bado haina jani la mwisho. Na New King James, yani King James kwa Kiingereza cha kisasa, mpaka sasa imeacha kitabu cha uzima kwenye mstari, ila chini ya ukurasa wameweka maelezo madogo kwamba hati zinasema mti.