Kabati la nguo kugeuka nyumba ya nyoka: soma hii kabla hujashika msumeno

Watoto wetu wanaokulia huku Uingereza hawana ile hofu yetu ya nyoka. Sisi tumelelewa ukiona nyoka unaita watu na fimbo, wao nyoka analetwa darasani wanamshika wanapiga naye picha, wakirudi nyumbani ni mama nataka nyoka, baba nataka nyoka, wiki nzima. Mimi kazi yangu ni kutunza reptilia, yaani nyoka, mijusi na kobe, kwenye kituo cha elimu ya wanyama na wazazi wa Kiswahili wakinipigia swali lao karibu ni lile lile, vizimba vya dukani bei yake inauma, sasa hili kabati la zamani lililokaa bure hapa chumbani siwezi kuligeuza?

Unaweza, tena kabati la mbao mara nyingi ni zuri kuliko tangi la kioo. Mbao inashika joto, kuta zisizoonyesha nje zinampa nyoka utulivu, halafu mlango unafungukia mbele, na hili watu hawalijui: nyoka anaogopa sana kitu kinachomjia kutoka juu maana porini juu ndiko anakotoka mwewe, kwa hiyo tangi la kufungulia juu kila ukiingiza mkono yeye anaona ndo kafikiwa. Ila lazima ukumbuke kabati lilitengenezwa likae na nguo kavu, halikutengenezwa kukaa na balbu ya moto, bakuli la maji na kiumbe anayesukuma mlango usiku kucha. Makosa yote ninayoyaona yanatokea hapo.

Naongelea nyoka wawili tu ambao ndo wengi wanaanza nao. Kuna kornsneki, asili yake kusini mashariki mwa Marekani, na kuna yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi na Kati ambaye Waingereza wanamwita roya paithoni na Wamarekani boli paithoni, kwa sababu akiogopa anajikunja anakuwa kama mpira. Wote hawana sumu, wote wakikua wanafika kama sentimita 90 mpaka 150, na wote wanaishi miaka mingi, kornsneki 15 mpaka 20 na chatu huyu 20 mpaka 30. Kule Marekani kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis kuna mmoja alitaga mayai mwaka 2020 akikadiriwa kuwa na miaka 62. Kwa hiyo unachojenga siyo kitu cha mwaka mmoja, mtoto ataondoka kwenda chuo nyoka bado yupo sebuleni, liongeeni hilo kama familia kwanza.

Ndugu mlioko Kenya na Tanzania, kwenu hesabu ni nyingine kabisa. Kenya kuna sheria ya wanyamapori ya 2013, Tanzania ya 2009, na kumweka nyoka wa porini nyumbani bila kibali ni kosa, usiende kumchukua chatu shambani eti una kabati. Na hata Marekani sheria inabadilika jimbo kwa jimbo, Hawaii kwa mfano hakuna ruhusa ya kufuga nyoka wa aina yoyote, uliza ulipo.

Haya, kabati. Chukua tepu upime kabla hujapenda sura yake. Kwa nyoka mkubwa wa aina hizi ninashauri urefu kuanzia sentimita 120, kina 60, kimo 60, kipimo cha msingi ni kwamba nyoka aweze kunyooka mwili wote, kwa hiyo akizidi urefu huo mtafutie kabati refu zaidi, na ukiweza kuzidisha zidisha. Shelfu za vitabu nyingi hazifai, ile BILLY ya duka la samani la IKEA kina chake ni sentimita 28 tu, nyoka hawezi hata kugeuka vizuri akawa na upande wa joto na upande wa baridi. Kabati la nguo kama PAX la duka hilo hilo lenye kina cha 58 ukililaza ubavu linakupa zaidi ya mita mbili, ni nafasi nzuri sana, ila likishalala uzito unakaa sehemu ambazo fundi wake hakuzipangia, kwa hiyo ongeza vyuma vya pembeni na ule ubao mwembamba wa nyuma utoe weka plaiwudi. Kama unalisimamisha basi lifunge ukutani kwa skrubu, kabati lenye kioo kikubwa mbele likimwangukia mtoto ni msiba.

Samani ya zamani sana iangalie rangi. Marekani rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, sasa kabati la kabla ya hapo usilipige msasa mkavu ndani ya nyumba, ile vumbi ni sumu kwa mtoto kabla hata ya nyoka, nunua kipimo chake madukani ni rahisi. Na kama harufu inakuambia lilipigwa dawa ya wadudu wa mbao, liache tu. Mbao ya mwerezi pia iache, mafuta yake ndo yanayofukuza nondo kwenye nguo na ndo hayo hayo yanamdhuru nyoka.

Chipbodi na MDF, zile mbao za vipande au unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, zikinywa maji zinavimba, zinafumuka, zinaota ukungu, na boli paithoni anataka unyevu wa asilimia 50 mpaka 60 hivi na zaidi akiwa anajivua ngozi. Kwa hiyo ndani kote piga vanishi ya polyurethane ya maji, koti tatu au nne, kingo zilizokatwa uzipige zaidi maana huko ndiko maji yanakoingilia, halafu maungio yote na kona uzibe kwa silikoni ya akwariamu, siyo ile ya bafuni yenye dawa ya ukungu. Kuziba kona kuna faida nyingine, utitiri wa nyoka unajificha kwenye nyufa, kabati lenye nyufa ukishapata utitiri utalia. Baada ya hapo acha milango wazi wiki mbili. Watu wanashindwa kusubiri, na nyoka wengi pafu wanalotegemea ni moja la kulia, ukimvutisha mvuke wa vanishi unamtafutia ugonjwa. Weka pua ndani, kama bado unasikia harufu bado siku yake.

Sasa moto, na hapa naomba tuende taratibu. Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe, anahama, akitaka kupata moto anaenda upande huu akishiba joto anarudi upande ule, kwa hiyo upande mmoja wa kabati uwe wa joto na mwingine wa baridi. Kornsneki upande wa joto nyuzi 28 mpaka 32 za Selsiasi, baridi 20 mpaka 24. Boli paithoni joto 31 mpaka 33, baridi 24 mpaka 26. Sasa shida ni kwamba nyoka anaweza kulala juu ya kitu kinachomuunguza na asiondoke. Nimempokea boli paithoni mmoja, familia nzuri tu wanampenda, walimtandikia mkeka wa umeme ndani ya kabati bila themostati, kile kifaa kinachopima joto na kuzima umeme likizidi, wakaweka na taulo juu, tumbo lote magamba yamekuwa kahawia yanabanduka, na hawakujua chochote maana nyoka halii. Alipona, miezi mingi, makovu anayo mpaka leo.

Kwa hiyo themostati siyo kitu cha kununua baadaye, inunue kabla ya balbu. Chanzo cha joto kiweke juu kwenye dari ya kabati upande mmoja, balbu ya seramiki au paneli ya joto, soketi iwe ya seramiki maana ya plastiki inayeyuka, na balbu izungushiwe wavu wa kinga kwa sababu nyoka atapanda ajizungushie tu, hana habari kuwa inaunguza. Kihisio cha themostati kifunge imara asikisogeze, kikidondoka kwenye ubaridi balbu itawaka bila kuzima. Balbu na mbao viwe na nafasi kati yao, ukigusa dari ya kabati kwa nje baada ya masaa matatu mkono usishindwe kukaa. Mawe ya umeme yale ya kupasha moto usinunue kabisa. Na waya zote zitoke kwenye soketi ya ukutani yenye kinga ya kukata umeme, usibebeshe eksteni moja vitu vitano.

Hewa: toboa matundu chini upande wa baridi na mengine juu upande wa joto, hewa inapita yenyewe, yazibe kwa wavu wa chuma kwa ndani.

Mlango. Nyoka akipitisha kichwa mwili unafuata, mtoto wa kornsneki anapita kwenye upenyo ambao wewe unaona hata penseli haiingii. Milango ya bawaba ya kabati la kawaida ina mwanya pale kati na chini, na sumaku yake haizuii kitu maana nyoka anasukuma kwa pua usiku kucha bila kuchoka. Mimi napendelea kioo cha kuteleza kwenye reli chenye kufuli lake dogo, na ule mwanya vioo viwili vinapopishana uzibe kwa kamba ya mpira. Tundu la waya pia, wanalisahau sana, na kornsneki mmoja tuliyeitwa kumtafuta alipitia hapo akakutwa siku ya nne kwenye dari ya jirani, ambaye tena alikuwa hajui kama kuna nyoka kwenye jengo.

Ndani weka maficho mawili, moja upande wa joto moja wa baridi, asilazimike kuchagua kati ya kujificha na kupata joto. Bakuli zito la maji, matawi, majani ya bandia, usiache uwanja mtupu. Kizimba kisikae jikoni, na kila aliyegusa nyoka au kizimba anawe kwa sabuni, reptilia wanabeba salmonela, bakteria wa kuharisha, hata wakiwa wazima kabisa, wenye mtoto chini ya miaka 5 muwe wakali hapo.

Kikiisha washa kila kitu kikiwa kitupu wiki nzima, andika joto asubuhi, mchana na usiku pande zote mbili, rekebisha mpaka namba zitulie. Ndo umlete nyoka. Wiki ya kwanza hakuna kumshika, hata mtoto akilia, badilisha maji tu ufunge kufuli. Akishatulia mpe panya wa kuganda uliyemyeyusha vizuri akapata joto, na asipokula mara ya kwanza mtoe yule panya, subiri siku saba ujaribu tena jioni taa zikiwa zimezimwa.