Je, wajua kwa nini kamera huzeeka haraka Goma?

Wakati wa kiangazi, mpiga picha wa harusi akishuka kwenye pikipiki kutoka Ndosho, litazame begi lake: limejaa vumbi jeusi hadi kwenye zipu. Vumbi hilo si la udongo tu. Mwaka 2002 lava ya mlima wa volkeno wa Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ikaingia Ziwa Kivu, na mawe ya volkeno hadi leo yanapondwa, yanajengewa nyumba na kusagwa na magurudumu. Chembe zake zina ncha kali, na ugumu wake unakaribia ule wa kioo.

Chembe hizo zikitua tu juu ya lenzi, hazidhuru sana. Balaa huanza mwenye kamera anapovuta pindo la shati na kufuta. Hapo anazisugua juu ya utando unaozuia mng'ao, ambao tabaka lake moja huwa na unene wa karibu sehemu 1 ya 10,000 ya milimita. Mikwaruzo yenyewe ni vigumu kuiona, ila bibi harusi akipigwa picha huku jua la ziwani likiwa nyuma yake, anatoka amefifia, rangi zimepauka. Kwanza ipulizwe hewa kwa kipampu cha mpira, kitambaa kifuate baadaye. Kupuliza kwa mdomo huacha mate. Wote wanajua, na wote wanapuliza.

Lenzi ya kuvuta (zoom) ina tatizo lake: nyingi hurefuka zikivutwa, na zikirefuka hunyonya hewa pamoja na vumbi lake. Ndiyo maana pete ya kuzungushia lenzi huanza kukwaruza mkononi.

Shata, yaani pazia dogo ndani ya kamera linalofunguka na kufungwa kila picha inapopigwa, huchoshwa na kazi yenyewe. Ile ya kamera ya Nikon D850 ilijaribiwa kiwandani kwa mipigo 200,000. Anayepiga picha 2,000 kila harusi anafika huko kwa harusi 100, ingawa shata nyingi huendelea kufanya kazi baada ya hapo.

Rangi iliyochubuka kwenye kona, ambayo wanunuzi wa kamera zilizotumika huiogopa mno, haigusi picha hata kidogo. Mimi ningeinunua hiyo iliyochubuka, mradi hesabu ya mipigo iwe ndogo, pete izunguke bila kukwaruza, na tochi ikimulikwa ndani ya lenzi isionyeshe kuvu.