Mlima wa Bukavu na soko la Kadutu vinatosha kutupa afya

Watu wengi wanaokuja kwenye huduma yetu ya lishe huuliza mambo yaleyale: wapi kuna ukumbi mzuri wa mazoezi, chai gani inaondoa tumbo, unga gani wa kopo unaongeza nguvu. Wengine huja wakiwa wamekwisha kununua vitu hivyo kwa faranga ambazo zingeilisha familia juma zima. Kwa mtu mzima anayeishi Bukavu, kwa kawaida tunajibu kwamba vitu viwili anavyovihitaji zaidi anavyo tayari. Cha kwanza ni mlima anaokaa juu yake. Cha pili ni mboga, maharagi na samaki anaowapita sokoni kila siku.

Tuanze na mlima. Uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo nyumba zetu zimepanda juu kwa juu. Kutoka ufuko wa Muhanzi hadi soko la Kadutu, miguu inafanya kazi ambayo watu wa miji ya tambarare wanalipia mashine ili waipate. Lakini sasa mwendo huo tunaukabidhi kwa pikipiki. Mtu anapanda pikipiki kwenda kazini, anarudi kwa pikipiki, kisha jioni anasikitika kwamba hana nafasi ya mazoezi.

Shirika la Afya Duniani, ambalo wengi hapa tunaliita OMS, lilitoa mwongozo mpya mwaka 2020. Linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mwendo mzito. Kutembea kwa haraka kwenye barabara iliyo sawa ni mwendo wa wastani. Kupanda mteremko mkali bila kusimama, kwa watu wengi, ni mwendo mzito. Piga hesabu mwenyewe: dakika 15 za kupanda kweli kweli, siku 5 kwa wiki, ni dakika 75. Kama unashuka kwenye pikipiki kabla ya mlima badala ya baada yake, pengine umemaliza deni lako bila kununua viatu vipya.

Utajuaje kama unapanda kweli? Sikiliza pumzi yako. Ukiweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba, huo ni mwendo wa wastani. Ukishindwa kusema zaidi ya maneno machache bila kuvuta hewa, umefika kwenye mwendo mzito. Mtu ambaye hajatembea muda mrefu abaki kwenye ule wa kwanza kwa majuma kadhaa. Wageni nao wasijilaumu: kwenye kimo chetu, nguvu ya oksijeni katika hewa imepungua kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani, na anayetoka Kinshasa au Uvira atahema mapema kuliko mwenyeji mpaka mwili uzoee.

Kushuka pia kuna faida yake, na jambo hili wengi hawalijui. Watafiti wa Austria waliwahi kuwapandisha watu mlima kwa miguu na kuwarudisha chini kwa gari la kamba, miezi miwili. Kisha wakageuza: kupanda kwa gari, kushuka kwa miguu, miezi miwili mingine. Kupanda kulipunguza zaidi mafuta katika damu, na kushuka kuliusaidia zaidi mwili kuitumia sukari. Kwa hiyo mwenye magoti mazima asidharau safari ya kurudi ziwani. Mwenye magoti mabaya apande kwa miguu na kushuka kwa gari, au atumie barabara ya Lumumba, ambayo haina miinuko mikali kama ya Kadutu.

Miguu peke yake haitoshi. OMS inaomba pia mazoezi ya kukaza misuli angalau siku 2 kwa wiki, kwa sababu baada ya miaka 30 hivi mwili hupoteza misuli polepole, na uzeeni upotevu huo ndio unaomfanya mzee aanguke anapotoka chooni usiku. Kiti cha jikoni kinatosha. Kaa, simama bila kujisaidia kwa mikono, kaa tena polepole, mara 10. Pumzika, rudia. Kisha simama mbele ya ukuta, weka viganja vyote viwili ukutani, karibia kwa kukunja viwiko, jisukume nyuma. Ukizoea, hamia kwenye ukingo wa meza imara, halafu chini. Bidoni yenye maji nusu inafaa kwa kunyanyulia, ilimradi uinue kwa miguu na mgongo ubaki umenyooka.

Hapa lazima niseme jambo linaloniuma. Kuna mama zetu wanaobeba magunia mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, kutoka bandarini hadi sokoni, kutwa nzima. Mama huyo akija kwangu akiumwa mgongo na shingo, sina haki ya kumwambia afanye mazoezi. Mwili wake umefanya kazi kupita kiasi na umekula kidogo mno. Kwake ushauri ni kupunguza uzito wa kila safari hata kama safari zitaongezeka, kupumzika katikati, na kula kabla ya kazi, si usiku tu. Na kwa wanaowalipa: gunia ligawanywe. Makala haya nawaandikia hasa wanaokaa: wa ofisini, wauza duka, walimu, madereva, wanafunzi wakubwa, na papa ambaye tumbo lake limekuwa sifa ya cheo chake.

Tumbo hilo linahitaji kuongelewa kwa upole, maana hapa kwetu kukonda kunatisha. Ukipungua kidogo tu, jirani anauliza una ugonjwa gani, na wakwe wanadhani nyumbani hakuna chakula. Nimewaona watu walioacha kutembea kwa sababu ya maneno hayo, presha yao ikarudi pale pale. Ndiyo maana simwambii mtu kwanza apunguze kilo. Namwambia achukue kamba. Ipime iwe sawa na urefu wako kutoka kisigino hadi utosi, ikunje katikati ibaki nusu, kisha uizungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu, bila kubana tumbo. Ncha zikikutana vizuri, uko salama zaidi. Zisipokutana, mafuta yamekaa ndani ya tumbo, karibu na ini, na hapo ndipo yanapochochea sukari na presha, hata kama mtu mwenyewe anaonekana wa kawaida. Mtu anayetembea na kula vizuri anaweza kuona kamba inakaribiana kabla ya uso wake kukonda.

Sasa sahani. Bugali wetu, hasa wa muhogo, unashibisha lakini una protini kidogo sana. Jimbo letu la Kivu Kusini linaijua gharama ya hilo: hospitali ya Lwiro, iliyo chini ya kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1947, iliwatibu watoto wengi wa kwashiorkor, watoto waliovimba miguu huku wakiwa wanakula. Waliyokosa ni vyakula vya kuusindikiza bugali. Kwa mtu mzima, sahani ya bugali mlima mzima na kijiko cha mboga pembeni haileti kwashiorkor mara moja, ila inaleta uchovu, njaa ya haraka na kiuno kipana.

Najua nyumba nyingi zinakula mara moja kwa siku, kwa hiyo sitaandika orodha ya vyakula vya ndoto. Nitasema cha kuongeza kwanza ukipata faranga kidogo zaidi: maharagi. Yakiwa makavu, zaidi ya moja ya tano ya uzito wake ni protini, yana nyuzinyuzi zinazozuia sukari isipande ghafla, na yana madini ya chuma. Kwa miaka mingi watafiti wa INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, pale Mulungu wamejaribu mbegu za maharagi, na zile zenye chuma nyingi zinafika kwa wakulima wa Kivu. Weka nyanya mbichi au kamua ndimu juu ya sahani, chuma itaingia vizuri mwilini. Chai nyeusi na kahawa hufanya kinyume chake zikinywewa pamoja na chakula. Zinywe saa moja baadaye, hasa wewe dada uliye na mimba au unayepoteza damu nyingi.

Cha pili ni sambaza. Samaki hawa wadogo waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio nyama ya mtu wa kawaida. Wakaushwe au wawe wabichi, tunawala wazima na mifupa yao, kwa hiyo wanatupa pia kalisi. Tatizo ni namna tunavyowapika. Wakizamishwa kwenye mafuta yanayochemka, mafuta yaliyokaangiwa tangu juzi, faida inapungua. Wachemshe na nyanya na kitunguu, au wapondeponde ndani ya sombe, yaani majani ya muhogo.

Na sombe ni hazina. Lengalenga na matembele vilevile. Kila mtu akilenga gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, jambo ambalo OMS inalipendekeza, ataona kwamba Kadutu inampa bei nafuu kuliko kopo lolote: mboga kikombe kimoja kilichojaa mchana, kingine jioni, na nusu ya parachichi au ndizi mbivu. Mafuta ya mawese mekundu yana vitamini A ambayo macho ya watoto yanaihitaji, lakini tukiyaunguza mpaka yawe meupe, kama wengi wanavyofanya, tunaichoma vitamini hiyo yote. Yapashe moto kidogo tu. Usiyamimine pia kama mchuzi, kwa kuwa karibu nusu yake ni aina ya mafuta inayopandisha kolesteroli. Kijiko kimoja kwa kila mlaji kinatosha.

Wapo wanaotafsiri chakula cha asili kuwa chakula kisichoguswa. Hilo ni hatari. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na muhogo usiolowekwa siku za kutosha, kwa watu wasiopata protini, huleta konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona. Haraka ya sokoni isitufanye tukate siku za kuloweka, na anayenunua unga asione aibu kumuuliza muuzaji ulilowekwa siku ngapi. Siku tatu ndizo mama zetu walizozihesabu, na walikuwa na sababu. Sombe nayo itwangwe vizuri na ichemshwe muda mrefu, sufuria ikiwa wazi mwanzoni ili sumu itoke na mvuke. Matunda na mboga za kuliwa mbichi zioshwe kwa maji yaliyotibiwa, maana kipindupindu hakijatuacha kando ya ziwa hili.

Yanayoharibu zaidi, kwa macho yangu, ni mawili, na yote ni madogo kwa umbo. Kipande cha mchuzi cha dukani, kile cha mraba, karibu nusu yake au zaidi ni chumvi. OMS inataka mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja, pamoja na ile iliyojificha. Sufuria yenye vipande vitatu na chumvi juu yake ina chumvi inayozidi kiasi cha mtu mmoja kabla hujaketi mezani. Anza kwa kuondoa kipande kimoja, weka kitunguu saumu, tangawizi na selari. Majuma mawili matatu, ulimi unazoea. La pili ni sukre, yaani soda. Chupa ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, yaani vijiko vidogo 8 au 9. Mtu asingeweka vijiko hivyo kwenye kikombe cha chai mbele ya wageni. Kuhusu pombe, kasiksi yetu ya ndizi ikiwemo, nisiwe mrefu: kadiri inavyopungua ndivyo inavyofaa, na haimpi nguvu mtu wa kazi.

Kabla ya kuanza kupanda milima, pima presha kama umefika miaka 40, kama una uzito mkubwa, au kama kuna mtu wa presha au sukari katika ukoo. Duniani, karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kwamba wanayo. Kaa kimya dakika 5, miguu chini, mkono juu ya meza, kabla ya kahawa. Ikionyesha 140 kwa 90 au zaidi, rudi siku nyingine upimwe tena, na ikiendelea, muone daktari. Dawa zake usiziache kwa sababu umeanza kutembea. Yeye ndiye atakayezipunguza. Mwenye sukari anayechoma insulini abebe kitu kitamu mfukoni na akague nyayo zake kila jioni. Na yeyote anayepata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi inayokatika akiwa mlimani, asimame hapo hapo, akae chini, na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tembeeni wawili au watatu, jua likiwa limetoka.