Je, wajua kwa nini tangazo la Lincoln liliwaruka watumwa waliokuwa chini ya serikali yake?

Mchana wa tarehe 1 Januari 1863, Abraham Lincoln, Rais wa Marekani, alikuwa amechoka mkono. Tangu asubuhi alikuwa akisalimiana na wageni waliomiminika Ikulu ya Washington kupeana heri za mwaka mpya, na alipokaa kutia saini Tangazo la Ukombozi, vidole vilimtetemeka. Akaiweka kalamu chini akapumzika kidogo. Hakutaka watu wa baadaye waitazame saini iliyopinda waseme, "Huyu alisita." Kisha akaandika jina lake lote, polepole.

Karatasi ile ilisema kwamba watumwa wote katika majimbo ya Kusini yaliyoasi na kujitenga, yale yaliyokuwa yakipigana vita na serikali yake, wako huru, tangu siku hiyo na hata milele. Lakini ukiisoma kwa makini utaona jambo la ajabu. Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware yalikuwa majimbo yenye watumwa ambayo hayakujitenga, na ndani yake walikuwamo watumwa zaidi ya 400,000. Hawakutajwa. Jimbo la Tennessee liliachwa nje, na New Orleans nayo, kwa sababu jeshi la serikali lilikuwa limekwisha kuushika mji huo. Kwa maneno mengine, Rais aliwaacha huru watumwa wa mahali ambapo amri yake haikusikilizwa, akawaacha utumwani wale ambao angeweza kuwafikia kesho yake. Jarida moja la London lilikejeli kwamba kosa, kwa sheria hii ya Lincoln, si kummiliki binadamu mwenzako, bali ni kummiliki huku umeiasi Marekani.

Ni kejeli tamu, ila mwandishi wake hakujali swali la msingi: Rais alipata wapi mamlaka ya kufanya hata hicho kidogo?

Lincoln alikuwa wakili kabla ya kuwa Rais. Alijua kwamba kwa Katiba ya wakati ule utumwa ulikuwa jambo la sheria za kila jimbo, na kwamba Rais hana ruhusa ya kumnyang'anya raia mtiifu kile ambacho sheria inakiita mali yake. Jaji Mkuu alikuwa bado Roger Taney, yuleyule aliyeamua mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Amri yoyote yenye ufa ingeishia mezani kwake.

Mlango mmoja tu ndio uliokuwa wazi, nao ni vita. Amiri jeshi mkuu anaweza kumpokonya adui chochote kinachompa nguvu ya kupigana. Na watumwa ndio waliochimba mahandaki ya jeshi la Kusini, wakaendesha magari yake ya kukokotwa na nyumbu, wakalima chakula chake ili wazungu waende mstari wa mbele. Kuwaondoa kulikuwa sawa na kumkata adui mikono. Ndiyo maana Tangazo lile limeandikwa kwa lugha kavu kama hati ya mahakamani: linajieleza kuwa ni hatua ya lazima ya kivita. Kentucky haikuwa adui, basi panga la vita halikuweza kuangukia huko.

Isitoshe, Lincoln aliiogopa sana Kentucky, na si bure. Kama majimbo yale manne ya mpakani yangehamia upande wa waasi, Washington yenyewe ingezingirwa. Jenerali Frémont alipotangaza uhuru wa watumwa wa waasi huko Missouri mwaka 1861, Lincoln aliifuta amri hiyo. Mei 1862 Jenerali Hunter akajaribu tena, safari hii Georgia, Florida na South Carolina, naye akafutiwa. Palipokuwa na njia ya kisheria isiyo ya vita, aliitumia: tarehe 16 Aprili 1862 alitia saini sheria ya Bunge iliyowaacha huru watumwa wapatao 3,100 wa mji mkuu, na wenye watumwa wakalipwa hadi dola 300 kwa kila mmoja. Waliomilikiwa hawakulipwa fidia yoyote ya jasho lao. Aliyapa majimbo ya mpakani nafasi ya kulipwa vivyo hivyo. Yakakataa.

Hata hivyo, ukimwachia Lincoln peke yake hadithi hii unawadhulumu watoro. Mei 1861, wiki chache tu baada ya vita kuanza, wanaume watatu waliokuwa wakijengea waasi ngome huko Virginia, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, walipiga kasia usiku hadi Fort Monroe, kambi ya jeshi la serikali. Bwana wao akatuma mjumbe kuwadai. Jenerali Benjamin Butler, wakili naye, akajibu kwamba kama mnasema ninyi ni nchi nyingine, basi hawa ni ngawira ya vita, siwarudishi. Habari zikaenea. Wakaja kumi, wakaja mamia, kisha maelfu, na wake na watoto wao. Hoja ya kivita ambayo Lincoln aliitumia 1863 watu hawa walikuwa wamekwisha kuisukuma mlangoni kwa miguu yao wenyewe.

(Vita ile ilifika hata kwetu. Merikani, ile nguo waliyovaa mababu wa pwani na bara, ilifumwa viwandani Massachusetts kwa pamba ya mashamba ya watumwa wa Kusini, ikaletwa Unguja na meli za wafanyabiashara wa bandari ya Salem huko huko Massachusetts. Pamba ilipokatika, merikani ikawa adimu na ghali, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikaingia sokoni.)

Wala Lincoln hakuwa malaika. Agosti 1862, huku rasimu ya Tangazo ikiwa tayari mtotoni mwa meza, aliwaita viongozi weusi wa Washington akawashauri wakubali kuhamishwa na watu wao waende kuishi nchi nyingine. Mwaka uliofuata watu zaidi ya 400 walipelekwa kisiwa cha Île-à-Vache, Haiti. Njaa na maradhi vikawamaliza wengi, na 1864 serikali ikatuma meli kuwarudisha waliosalia.

Kilichombadilisha, kwa maoni yangu, ni kifungu ambacho watu hukisoma harakaharaka: Tangazo liliwafungulia weusi mlango wa jeshi. Wanaume wapatao 180,000 walijiandikisha. Baada ya hapo hakukuwa na namna ya kumrudisha utumwani mtu aliyevaa sare na kupigwa risasi kwa ajili yako, na Lincoln alilisema hilo waziwazi alipobanwa atafute amani kwa kuwasaliti.

Lakini wakili aliyekuwa ndani yake aliijua kasoro: amri ya vita huenda ikafa pamoja na vita. Ndipo akasukuma Marekebisho ya 13 ya Katiba, ya kufuta utumwa kila mahali isipokuwa kama adhabu ya kosa la jinai. Baraza la Wawakilishi lilikwisha kuyaangusha mara moja, Juni 1864. Tarehe 31 Januari 1865 yakapita kwa kura 119 dhidi ya 56, kura mbili tu juu ya theluthi mbili zilizotakiwa.

Lincoln alipigwa risasi Aprili 14 mwaka huo, akafa kesho yake asubuhi. Maryland na Missouri yalikuwa yamekwisha kufuta utumwa kwa sheria zao. Huko Kentucky, jimbo alikozaliwa yeye mwenyewe, watu waliendelea kuwa mali ya watu mpaka Desemba 1865, majimbo ya kutosha yalipoidhinisha marekebisho. Kentucky haikuwa mojawapo. Yenyewe iliyaidhinisha mwaka 1976.