Je, wajua? Programu haitazami skrini ili kujua kama maumbo mawili yamegongana

Chora duara na mstatili kwenye programu ya michoro, kisha vuta duara kwa mausi mpaka likaribie mstatili. Wengi hudhani programu inakodolea skrini, ikingoja rangi ya umbo moja ikanyage ya jingine. Sivyo. Ilicho nacho mkononi ni namba tu: kitovu cha duara, nusukipenyo chake, pembe za mstatili. Jibu hutoka kwenye hesabu, na lingetoka vilevile hata ukizima skrini.

Dhana hiyo haikuzuka bure, maana kuna mashine iliyofanya hasa hivyo. Kwenye Atari 2600, mashine ya michezo ya video ya mwaka 1977, chipu ya picha iitwayo TIA ilikuwa inapeleka nukta kwenye televisheni, na vitu viwili vikigombea nukta moja iliwasha biti, yaani alama ndogo ya ndiyo au hapana. Vitu vilikuwa sita, kwa hiyo jozi 15, kwa hiyo biti 15. Biti ikishawaka ilibaki hivyo mpaka programu iifute. Mbinu tamu, ila ijaribu kwenye mchoro wenye maumbo 1,000: hizo ni jozi 499,500, na mengine yamefunikwa au yako nje ya dirisha.

Kwa hiyo kwanza jozi huchujwa. Kila umbo hufungiwa ndani ya boksi lililosimama wima, na maboksi hulinganishwa kingo kwa kingo. Yasipokutana, maumbo hayajakutana, basi. Yakikutana bado hujajua kitu, na hapa ndipo makosa mengi huzaliwa.

Tuseme kitovu cha duara kiko (100, 100) na nusukipenyo ni 40. Mstatili unaanzia (130, 130) hadi (190, 180). Boksi la duara linafika 140 pande zote mbili, hivyo maboksi yamepandana kwa pikseli (nukta za skrini) 10. Lakini kona ya mstatili iko mbali na kitovu kwa 30 kulia na 30 chini: mraba wa umbali huo ni 900 + 900 = 1,800, ilhali mraba wa nusukipenyo, 40 × 40, ni 1,600. Hayajagusana. Katika tkinter, zana ya kuchora madirisha ya lugha ya programu Python, ukichukua boksi la duara kwa amri ya `bbox` na kulipitisha kwa `find_overlapping`, amri ya kutafuta vinavyoguswa na boksi, utaambiwa mstatili umeguswa. Amri hiyo inajua vizuri umbo la kila kitu kwenye turubai, ila swali lenyewe lazima uliulize kwa mstatili. Tena itakurudishia na duara lenyewe. Liondoe kwenye orodha. Na umbo lisilojazwa rangi huhesabiwa kuwa tupu katikati: boksi dogo lililozama ndani ya duara la aina hiyo haligusi kitu.

Dawa ni vivuli. Wazia maumbo mawili yamesimama kwenye jua, na vivuli vyao vinaangukia ukutani. Ukuta mmoja ukionyesha mwanya kati ya vivuli, maumbo yameachana, hata kama kuta nyingine zote zinaonyesha vivuli vimepandana. Katika mfano wetu, ukuta wa chini na wa pembeni zinadanganya. Ukiweka ukuta sambamba na mstari unaotoka kitovuni kwenda kwenye kona ile, kivuli cha duara kinaishia 181.4 na cha mstatili kinaanzia 183.8. Mwanya wa pikseli 2.4 umeonekana. Huhitaji kujaribu kuta zote duniani: kwa maumbo ya pembe, zinatosha zile zilizo pembemraba na kila ubavu, kwa duara, ongeza ule wa kuelekea kona iliyo karibu zaidi.

Vivuli navyo vina mpaka wake. Umbo lenye kibonyo, kama nyota au herufi L, kivuli chake huficha kibonyo, nawe utapata mgongano usiokuwepo. Ligawe kwanza kuwa pembetatu.

Kinyume chake hutokea kwa vitu vyenye mwendo. Mpira wenye kipenyo cha 12 ukisogezwa pikseli 30 kwa hatua, unaweza kuuruka ukuta wa unene wa 10 bila hatua hata moja kuwakuta wamegusana. Gawanya hatua iwe fupi kuliko 22, au pima njia nzima uliyopita mpira.