Cheti cha Tabia Njema Hakiulizi Wewe ni Raia wa Wapi

Cheti cha tabia njema ni karatasi inayotolewa na polisi wa nchi fulani kusema kwamba wametafuta kwenye kumbukumbu zao, kwa jina lako na alama za vidole vyako, wakakuta umewahi kutiwa hatiani au hawakukuta kitu. Maana yenyewe ni hiyo tu, na ningeishia hapo kama nisingechoshwa na kauli ninayoisikia kila mara kutoka kwa Wakenya walioko Ghuba wanaopanga kwenda Uingereza au Kanada: "Mimi ni Mkenya, kwa hiyo cheti changu kinatoka Nairobi."

Cha Nairobi huenda ukakihitaji, ndiyo. Lakini uraia wako hauhusiki. Cheti hiki hufuata mahali ulipoishi. Uingereza, kwa mfano, ikimpa mtu viza ya kazi za afya, elimu au ustawi wa jamii, humtaka alete cheti cha kila nchi aliyoishi kwa jumla ya miezi 12 au zaidi katika miaka 10 iliyopita, akiwa ameshatimiza miaka 18. Haijalishi kama miezi hiyo ilifuatana au alikaa mitano akatoka akarudi. Sasa mchukue muuguzi aliyefanya kazi Mombasa miaka mitano, kisha Riyadh miaka minne. Huyo anadaiwa vyeti viwili, na cha Saudia, kikitoka kwa Kiarabu, atakitafutia mfasiri anayetambulika. Mtanzania wa Tanga aliyeishi Mombasa muda huohuo naye atadaiwa cha Kenya, hata kama hajawahi kushika kitambulisho cha Kenya mkononi.

Sababu yake ni nyepesi. Polisi wa Kenya wanajua yaliyoingia kwenye mafaili ya Kenya. Mtu anaweza kufungwa Riyadh, akatoka, akaomba cheti Kenya, na cheti kikatoka safi kabisa bila mtu yeyote kudanganya. Afisa wa viza anayajua hayo, ndiyo maana anauliza kila mlango uliopitia.

Kanada wana hesabu yao: miezi 6 mfululizo au zaidi, katika miaka 10 iliyopita, tangu utimize miaka 18. Na wana sharti la tarehe ambalo huwaumiza watu wetu. Cheti cha nchi unayoishi sasa kisiwe na zaidi ya miezi 6 siku unapotuma maombi. Cha nchi uliyohama kiwe kimetolewa baada ya mara yako ya mwisho kuishi huko. Kwa hiyo kile cheti ambacho ajenti alikutengenezea kabla hujapanda ndege kwenda Doha, ambacho umekitunza ndani ya karatasi ya nailoni kama yai, kilikufikisha Doha na kazi yake ikaisha hapo.

Kukiomba cha Kenya ukiwa mbali si jambo la kutisha. Unajaza kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, unalipa shilingi 1,050, unachapisha fomu ya C24, ile ya alama za vidole, unachukuliwa alama za vidole huko uliko, ubalozini au kwa polisi wa hapo, kisha fomu inasafiri hadi makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, Kiambu Road. Ubalozi hautoi cheti. Watu humgombeza karani wa dirishani bure. Yeye kazi yake ni vidole na muhuri.

Penye shughuli hasa ni kwenye vidole. Kila kidole hupakwa wino na kubiringishwa kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi ukingo wa pili, kisha vidole vinne vya kila mkono hubanwa pamoja, bapa. Aliyeshinda miaka akisugua sakafu kwa Jiki au akichanganya saruji, mistari ya vidole vyake huwa imelika, na fomu inaweza kurudishwa kwa kuwa haisomeki. Dada zetu wa kazi za nyumbani wanalijua hili kuliko wanasheria. Pumzisha mikono siku kadhaa, paka mafuta usiku, lakini siku yenyewe nenda na mikono mikavu. Na ukiona kidole kimetoka doa jeusi tupu, omba karatasi nyingine palepale, usione haya.

Lakini kumchukua mtu alama za vidole ndipo aruhusiwe kufanya kazi si jambo geni kwetu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni Kenya iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole, ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Ndani yake mwajiri aliandika mshahara na kutia sahihi ya kukuachilia, na bila sahihi hiyo kupata kazi kwingine ilikuwa taabu tupu. Huenda ndiko lilikotoka lile wazo la pili linaloniudhi, kwamba barua ya kafili, yaani mwajiri anayekudhamini Ghuba, inayosema "huyu ni mtu mwaminifu" inaweza kusimama mahali pa cheti. Haiwezi. Wala barua ya chifu haiwezi. Hizo ni sifa alizokupa mtu. Cheti ni jibu la faili, na faili halikujui.

Walioko Ulaya na Marekani nao wana mchanganyiko wao. Mkenya wa London akiombwa cheti kwa ajili ya viza ya nchi nyingine, hukimbilia DBS, ukaguzi wa rekodi za jinai aliofanyiwa na mwajiri wa nyumba ya wazee. DBS ni ya ajira za ndani. Cheti cha viza hutolewa na ACRO, ofisi ya polisi ya kumbukumbu za jinai. Aliyeishi Marekani huulizwa taarifa ya FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu, ambayo ni dola 18, na inaweza kuombwa kutoka nje kwa kutuma kadi ya vidole. Karatasi ya polisi wa mji aliokuwa akiishi haitoshi, maana inaongea habari za mji huo tu.

Basi ndugu yangu, wakikuuliza cheti, pasipoti iache mfukoni kwanza. Chukua kalamu uandike nchi ulizoishi, mwezi wa kuingia na mwezi wa kutoka, halafu ulinganishe na masharti ya nchi unayokwenda. Na kama bado uko Saudia na ikama yako, kibali cha kuishi huko, iko hai, anza na cha huko kabla hujagongewa muhuri wa kutoka. Ukishaondoka, utaanza kukitafuta kupitia ubalozi wao, vidole upya. Cha Nairobi kina njia yake hata ukiwa mbali.