China na India: dhana potofu kuhusu nani atatajirika zaidi

Kila Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) linapotoa makadirio mapya, mjadala huu hufufuka: kati ya China na India, nani ana kesho njema zaidi kiuchumi? Wanaoipenda India hushika takwimu za kasi, wanaoipenda China hushika takwimu za ukubwa, na kila upande huondoka ukiamini umeshinda. Nchi hizi mbili zina zaidi ya watu bilioni 2.8 kwa pamoja, yaani zaidi ya theluthi ya wanadamu wote. Maisha ya watu wengi kiasi hicho yasijadiliwe kama mechi ya mpira. Baadhi ya mambo yanayorudiwa sana si kweli, na mengine ni nusu tu ya ukweli.

"India inakua haraka kuliko China, kwa hiyo itaipita muda si mrefu"

Sehemu ya kwanza ni kweli. Mwaka 2024 uchumi wa China ulikua kwa asilimia 5, na wa India kwa asilimia 6.5 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025. Tatizo liko kwenye hilo "kwa hiyo".

Chukua kalamu. Pato la taifa la China mwaka 2024 lilikuwa dola trilioni 18.7 hivi, na la India dola trilioni 3.9 hivi. Asilimia 5 ya trilioni 18.7 ni dola bilioni 935. Asilimia 6.5 ya trilioni 3.9 ni dola bilioni 250 na ushei. Yaani katika mwaka ambao India ilikuwa na kasi zaidi, China iliongeza kwenye uchumi wake zaidi ya mara tatu ya kile India ilichoongeza. Pengo halikupungua, lilipanuka. Kasi hizo mbili zikibaki hivyo hivyo, India itahitaji takriban miaka 110 kuifikia China.

Tuseme China inapunguza mwendo hadi asilimia 3 na India inashikilia 6.5 bila kuteleza hata mwaka mmoja. Hata hapo ni miaka 47, na kwa kuanzia China ingekuwa bado inaongeza zaidi ya dola bilioni 500 kwa mwaka, mara mbili ya India. Thamani ya sarafu na mfumuko wa bei vinaweza kuibadilisha hesabu hii, tena kwa kiasi kikubwa, lakini haviwezi kuligeuza pengo la karibu mara tano kuwa jambo la muongo mmoja.

Wapo wanaopenda kutumia kipimo cha uwezo wa kununua, ambacho huzingatia kwamba kunyoa nywele au kupanda basi India ni bei rahisi kuliko China. Kwa kipimo hicho pengo hushuka hadi mara mbili na nusu hivi. Ni kipimo cha haki ukitaka kujua watu wanaishije. Ila mafuta ghafi, mashine za hospitali na chipu za kompyuta hununuliwa kwa dola halisi, na muuzaji hajali bei ya kinyozi wa mji wa Patna, India.

"Zilianza pamoja, tofauti ni kwamba China ilifungua soko mapema"

Hii ndiyo dhana inayonikera zaidi, kwa sababu inaficha somo kubwa kuliko yote. Ni kweli kwamba mwaka 1990 pato la mtu mmoja mmoja kwa dola za wakati huo halikutofautiana sana. La India lilikuwa hata juu kidogo, na yote mawili yalikuwa chini ya dola 400 kwa mwaka. Leo la China linazidi dola 13,000 na la India ni kama 2,700. Na ni kweli kwamba kiongozi wa China Deng Xiaoping alianzisha mageuzi mwishoni mwa 1978, wakati India ilisubiri hadi Julai 1991, pale akiba ya fedha za kigeni ilipobaki ya kulipia bidhaa za nje kwa wiki chache tu na tani 47 hivi za dhahabu zikawekwa rehani nje ya nchi. Waziri wa Fedha Manmohan Singh alisoma bajeti ya mageuzi tarehe 24 mwezi huo.

Kwa hiyo watu hupiga hesabu ya miaka 13 na kufunga mjadala. Lakini angalia nani alikuwa anangoja mlangoni soko lilipofunguliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, karibu theluthi mbili ya watu wazima China walijua kusoma na kuandika. India walikuwa wanne katika kila kumi, na kwa wanawake, mmoja katika kila wanne. Mchina alitarajiwa kuishi takriban miaka kumi zaidi ya Mhindi. Kiwanda kilipofunguliwa Shenzhen, mji wa kusini mwa China, msichana aliyetoka kijijini aliweza kusoma maelekezo yaliyobandikwa juu ya mashine na alikuwa na afya ya kusimama zamu nzima. Miaka ya shule za msingi na wahudumu wa afya vijijini ilitangulia kontena la kwanza la bidhaa. India nayo ilijenga vyuo vya uhandisi vya hali ya juu, vinavyoheshimika duniani kote, huku shule ya msingi katika jimbo maskini la Bihar ikikosa mwalimu. Matokeo yake yanaonekana hadi leo: nchi yenye wahandisi mahiri wa programu na mamilioni ya vijana ambao kiwanda cha kawaida hakiwafikii.

"China inazeeka, India ina vijana, mchezo umekwisha"

Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, India iliipita China kwa idadi ya watu mwaka 2023. Idadi ya Wachina ilianza kupungua mwaka 2022, na mwaka 2023 pekee ilishuka kwa zaidi ya milioni 2. Sera ya mtoto mmoja, iliyodumu hadi mwisho wa 2015, imeacha jeraha ambalo ruhusa ya watoto watatu ya mwaka 2021 haijaliponya. Huo ni mzigo halisi, na anayeudharau anajidanganya. Serikali yenyewe imeanza kupandisha umri wa kustaafu tangu Januari 2025, polepole kwa miaka 15: wanaume kutoka 60 hadi 63, wanawake kutoka 50 au 55 hadi 55 au 58.

Lakini kijana si mtaji mpaka apate kazi yenye tija. India, watu 46 katika kila 100 wenye kazi bado wako kwenye kilimo, sekta inayotoa chini ya moja ya tano ya pato la taifa. Mwaka 2014 serikali ilizindua kampeni ya "Make in India" ikilenga viwanda vifike robo ya uchumi. Zaidi ya miaka kumi baadaye bado viko chini ya asilimia 18. Kuna pia suala la wanawake. China, takriban sita katika kila kumi wako kwenye nguvu kazi. India, takwimu rasmi zilionyesha asilimia 23 mwaka 2017-18 na karibu 42 mwaka 2023-24, ongezeko kubwa la kufurahisha, isipokuwa sehemu yake nzuri ni wanawake wanaosaidia shamba la familia bila mshahara.

Ukitaka kuona India inavyoweza kuwa, nenda Tamil Nadu, jimbo la kusini. Zaidi ya wanne kati ya kila wanawake kumi wanaofanya kazi viwandani nchini humo wako katika jimbo hilo moja. Huko Vallam Vadagal, karibu na Sriperumbudur, hosteli ya zaidi ya vitanda 18,000 ilifunguliwa Agosti 2024 kwa ajili ya wanawake wanaounganisha simu katika kiwanda cha Foxconn, kampuni ya Taiwan inayounganisha simu za iPhone. Kitanda salama karibu na kazi kinaonekana jambo dogo. Kwa binti ambaye wazazi hawataki alale mbali na nyumbani, ndicho kinachoamua kama atapokea mshahara au atabaki kupika.

Halafu usisahau kwamba India nayo inaelekea uzeeni. Kiwango cha uzazi kimeshuka hadi watoto wawili kwa kila mwanamke, chini ya kile kinachohitajika kurithisha kizazi. Bihar bado ni karibu watatu. Majimbo ya kusini yamekwisha kushuka chini ya wawili. Dirisha la vijana liko wazi, lakini lina mwisho.

"Evergrande imeanguka, na China inaanguka nayo"

Agosti 2020 Beijing iliwawekea wakandarasi wa nyumba mipaka ya madeni, na Evergrande, kampuni kubwa ya ujenzi wa nyumba yenye madeni ya zaidi ya dola bilioni 300, ikashindwa kulipa mwaka uliofuata. Januari 2024 mahakama ya Hong Kong iliamuru ifilisiwe. Walioumia zaidi ni familia za kawaida, maana China nyumba nyingi huuzwa kabla hazijajengwa: mtu analipa malipo ya awali, anaanza kurejesha mkopo wa benki, na huku anatazama nguzo za zege zisizo na paa. Mwaka 2022 wanunuzi katika miji mingi walitangaza kugoma kulipa. Sehemu kubwa ya akiba ya familia za Kichina iko kwenye nyumba, kwa hiyo bei zikishuka watu hubana matumizi, na hicho ndicho kidonda kinachoisumbua China hadi sasa.

Kuanguka, hata hivyo, ni neno kubwa mno. Wakati mikopo ya majengo inakauka, fedha za benki zilielekezwa viwandani. Mwaka 2023 China iliipita Japani na kuwa muuzaji mkubwa zaidi wa magari nje duniani. Takriban asilimia 30 ya uzalishaji wa viwanda wa dunia nzima unafanyika humo. Hatari yake ni ya namna nyingine: inazalisha kupita uwezo wa watu wake kununua, na nchi nyingine zinaanza kufunga milango kwa ushuru.

"Mfumo wa siasa ndio utakaoamua"

Chama kilekile kilichosimamia njaa ya 1959 hadi 1961, iliyoua mamilioni ya watu, ndicho kilichosimamia ukuaji baada ya 1978. Demokrasia ileile ya India ilikua polepole kwa miongo mitatu kisha ikaongeza mwendo. Mfumo una uzito wake, hasa katika kuzuia maafa, lakini peke yake hauelezi kasi.

"Mmoja akipanda, mwingine lazima ashuke"

Baada ya mapigano ya mpakani katika bonde la Galwan Juni 2020, yaliyoua wanajeshi 20 wa India, New Delhi ilipiga marufuku TikTok na programu nyingine nyingi za China. Tangu miezi miwili kabla ya hapo, mtaji wowote kutoka nchi inayopakana nayo ulitakiwa upate kwanza kibali cha serikali. Ungetarajia biashara ife. Badala yake, katika mwaka wa fedha 2023-24 India iliagiza kutoka China bidhaa za zaidi ya dola bilioni 100, na kuuza huko za bilioni 17 hivi.

Bidhaa hizo ndizo zinazoendesha viwanda vya India vyenyewe. Dawa za bei nafuu ambazo India inauza duniani kote hutegemea malighafi kutoka China kwa sehemu kubwa. Simu zinazounganishwa Tamil Nadu hujaa vipuri vya huko. Aprili 2025 China ilipoanza kudai vibali kwa usafirishaji wa baadhi ya madini adimu na sumaku zake, watengenezaji magari wa India walijikuta wakihangaikia vipande vidogo ambavyo mota ya umeme haizunguki bila hivyo.

India inajua hili. Machi 2025 serikali ilipitisha mpango wa takriban rupia bilioni 229 wa kutengeneza vipuri vya elektroniki ndani ya nchi. Ugumu ni kwamba wengi wa mafundi na makampuni yenye uzoefu wa kazi hiyo wako Shenzhen na Dongguan, hasa wale ambao sheria ya 2020 ya kibali cha mtaji ilikusudia kuwaweka mbali.